Pongezi kwa Mafundi wa Ukuta wa Ndege

Sisi wa Elerai tunaujua vizuri mngurumo wa ndege za pangaboi zinazopaa kutoka uwanja wa ndege wa Kisongo. Lakini abiria aliye ndani huzungumza na jirani yake bila kupaza sauti. Kati ya bati la nje na ukuta wa ndani, mafundi wamepanga matandiko ya nyuzi za kioo, yamefungwa kwa plastiki nyembamba. Hupunguza kelele, na hukinga baridi: ndege za jeti zinaporuka katika mita 10,000, nje ni karibu nyuzijoto 50 za Selsiasi chini ya sifuri. Tena hayapaswi kushika moto. Mwaka 1998 moto ulienea kupitia ganda la matandiko hayo katika ndege ya Swissair; ilianguka karibu na pwani ya Kanada, watu 229 wakafa, na kanuni zikakazwa. Fundi anayekagua kila kipande anastahili heshima sawa na rubani.