Ufundi wa Kihamba

Kujitosheleza kwa kipande kidogo cha ardhi husifiwa kana kwamba ni suala la bidii tu: lima sana, utavuna sana. Kihamba cha Uchagga kinaikataa hesabu hiyo. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, vizazi vimelelewa kwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ambayo mengi hayafiki hekta moja, na mgeni akiyaona hudhani ni msitu ulioachwa. Juu kabisa mruka na mgrevilea hutoa kivuli na kuni. Chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi, maharage na mboga, huku viazi vikuu vikiparamia miti. Lakini kivuli si siri yote. Mhimili ni ng'ombe aliyefungwa zizini. Hula majani na vigogo vya migomba, nyasi za kukatiwa na mabua yaliyobebwa kutoka tambarare, na samadi yake hurudi kwenye mashina ya migomba ileile. Ufundi wenyewe uko hapo: kujua ni chipukizi gani lirithi mgomba uliokwisha kuzaa, tawi gani la mruka lipunguzwe ili kahawa ipate mwanga bila kuungua, maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yafunguliwe kwa zamu ya nani. Sehemu kubwa ya elimu hiyo wameishika wanawake, wakata majani na wauza ndizi, ingawa fedha ya kahawa ilihesabiwa na waume zao.

Atasema mtu: kwa udongo ule wa volkano na mvua ile, nani asingevuna? Na aende Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria. Udongo wa huko ni mchanga uliomeguka kutoka kwenye miamba ya matale, na watu wamesongamana. Wakara walifuga ng'ombe ndani, wakakusanya samadi, wakapanda mikunde ya jamii ya marejea katikati ya uwele na kuifukia iwe mbolea. Udongo wa Kilimanjaro hawakuwa nao. Walichokuwa nacho ni kanuni ileile, kwamba kinachotoka shambani sharti kirudi.

Pingamizi zito zaidi ni la urithi. Vihamba vimegawanywa kwa wana hadi vingine vimebaki uwanja wa nyumba, na vijana wamehamia Moshi na Dar es Salaam. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua Shimbwe Juu, kijiji cha vihamba Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Heshima njema, ila haikati majani ya ng'ombe. Ni kweli robo eka haitoshi kulisha familia kubwa. Hata hivyo kihamba hakikuwahi kusimama peke yake. Mahindi, na ulezi wa mbege (pombe ya ndizi), vilitoka tambarare. Kahawa ililipa ada za shule, na mwaka 1933 wakulima waliunda chama cha ushirika cha KNCU ili waiuze kwa pamoja. Basi kujitosheleza si kulipa soko kisogo. Ni kuingia sokoni ukiwa umeshiba, ukauza unapotaka badala ya kuuza kwa sababu watoto wanalia. Mwenye robo eka anayetaka kuanza asikimbilie duka la mbegu. Ajenge zizi kwanza, hata la mbuzi wawili, kisha apande migomba karibu nalo.