Dalali, Wakala au Mshauri? Uhakiki wa Istilahi za Ununuzi wa Nyumba na Viwanja

Katika miji yetu ni nadra kupita mtaa usio na kibao kilichoandikwa "Dalali wa nyumba na viwanja". Hata hivyo, siku hizi, hasa jijini Dar es Salaam, majina mengine yamejitokeza: "wakala wa milki", "mshauri wa mali isiyohamishika", na kadhalika. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi hizo kwa swali moja tu: je, jina linamjulisha mwananchi kwamba mtu huyu anamtumikia nani?

Swali hilo si la wanaisimu peke yao. Jamaa mmoja wa mwandishi alinunua kiwanja pembezoni mwa jiji. Muda wote wa mapatano alimwita aliyempeleka huko "wakala wangu", akamweleza bila kificho kiasi cha juu kabisa alichoweza kutoa. Bei haikushuka chini ya kiasi hicho hata kwa shilingi moja. Baadaye alitambua kwamba "wakala" wake alikuwa amekwisha kupatana na muuzaji kulipwa asilimia fulani ya bei. Kadiri bei ilivyopanda, ndivyo ujira wake ulivyoongezeka. Jamaa yetu alipotoshwa na mtu, lakini alipotoshwa pia na neno.

Tuanze na neno dalali. Limetoka katika Kiarabu, nalo ni la mzizi mmoja na neno dalili. Kwa asili, basi, dalali ni mtu aonyeshaye. Katika Kiswahili lilizoeleka kwa mtu anadiye vitu mnadani, na mpaka leo tunaye dalali wa mahakama, ambaye hukamata mali na kuiuza kwa amri ya mahakama. Kisha likaenea kwa yule amtafutiaye mtu chumba cha kupanga, ambaye kwa desturi ya Dar es Salaam humdai mpangaji kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Maana hizi zinatofautiana, lakini zote zina kiini kimoja, yaani kuikutanisha mali na mwenye kuitaka. Hakuna hata moja iliyobeba ahadi ya kumtetea mnunuzi.

Neno wakala lina historia nyingine. Katika Kiarabu hutaja kazi yenyewe ya uwakilishi, na mwenye kuifanya huitwa wakili. Kwetu wakili amekwenda mahakamani, naye wakala akawa mtu au chombo kitendacho kwa niaba ya mwingine. Kwa hiyo wakala asiyetajiwa anayemwakilisha ni nusu ya istilahi. Hapa ndipo penye kasoro ya "wakala wa milki": nyumba haiwakilishwi; anayewakilishwa ni mtu. Yawezekana msomaji akauliza, mbona tunasema Wakala wa Barabara? Jibu ni kwamba katika jina hilo la chombo cha serikali, "wa" huonyesha eneo la kazi, na mwenye kuwakilishwa anajulikana kuwa ni serikali. Mtindo huo ukihamishiwa kwa mtu binafsi anayepokea ujira, jambo lililo muhimu kuliko yote hufichika, na juu ya hayo mtu huyo huvikwa sura ya kiserikali asiyo nayo.

"Mshauri" lina hatari zaidi. Mshauri hutazamiwa kumwambia mtu hata neno hili: usinunue. Mtu asiyelipwa mpaka mauzo yatimie hawezi kwa urahisi kulitamka neno hilo.

Wanaoyatetea majina mapya husema kwamba jina la dalali limechafuliwa na vitendo vya baadhi yao. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini jina jipya halifui tabia. Kinachoijenga heshima ya kazi ni utaratibu. Kenya ilitunga mwaka 1984 sheria ya kuwaandikisha watu wafanyao kazi hii. Kwetu Tanzania, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imempa mthamini mipaka na wajibu wake; ndiyo maana neno mthamini halina utata, na halifai kutwaliwa na kila ajuaye bei za mtaani.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Dalali abaki kuwa mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, na ujira wake uendelee kuitwa udalali. Neno hilo lisionewe haya.

(b) Wakala litumike pale tu penye mkataba wa uwakilishi, na daima litajwe kwa ukamilifu: wakala wa muuzaji, au wakala wa mnunuzi. Anayedai kuwa vyote viwili katika mauzo yale yale na akumbushwe kwamba mshika mbili moja humponyoka.

(c) Mshauri aitwe yule anayelipwa kwa ushauri wenyewe, mauzo yafanyike yasifanyike.

(d) Mthamini, mpima ardhi na wakili wasichanganywe na hao waliotangulia. Dalali akisema hati ni safi, maneno yake hayachukui nafasi ya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati.

Istilahi hizi hazitamzuia mlaghai. Lakini zitampa mwananchi swali la kuuliza kabla hajatoa fedha alizoweka akiba kwa miaka mingi: "Wewe ni wakala wa nani, na nani anakulipa?" Lugha isiyomwezesha mtu kuuliza swali hilo kwa maneno machache bado haijatimiza kazi yake. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa madalali wenyewe, wanakaribishwa kutuandikia.