Baba kijana anagombezwa, haulizwi

Igizo la baba kijana limeshazunguka karibu zoni zote za kambi yetu hapa Kigoma. Watu wamecheka, na mimi nimecheka. Anayeigiza ulevi anaujua: anatafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe mpaka unamhurumia.

Lakini sikilizeni. Mke ana jina, nesi ana jina, hata jirani mmbeya ana jina. Baba anaitwa "kijana" tu. Anagombezwa na mama mkwe, anagombezwa na nesi, mwisho anapiga magoti na kuahidi kutafuta pesa. Makofi!

Azitafute wapi? Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 haimruhusu kutoka kambini bila kibali. Igizo halisemi neno juu ya hilo. Halafu kuna kadi ya mgao. Vijana wengi wanaozaa mapema, jina la baba bado limo kwenye kadi ya wazazi wake, la mama kwenye kadi ya kwao. Mtoto aandikwe wapi? Jamani, hapo ndo palikuwa na mchezo wenyewe: mababu wawili, unga, na kijana kasimama katikati. Waandishi wamepita pembeni wakakimbilia chupa.

Na nesi anapofoka, "Mbona huji kliniki?" kijana ananyamaza. Mimi ningemjibu. Nilimsindikiza mke wangu mara tatu. Siku ya kwanza nilipimwa damu, kisha nikaambiwa nisubiri nje. Mara mbili zilizofuata niliishia chini ya mti. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenihitaji, basi.

Ninyi wa mashirika mnaogharamia maigizo haya, tazameni Rwanda. Mpango wa Bandebereho uliwakalisha kina baba wenye watoto wadogo au wanaotarajia kwenye vikao 15, na wake zao walihudhuria baadhi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba wanaume hao waliwasindikiza wake zao kliniki zaidi ya wenzao ambao hawakushiriki, na wake zao walipigwa kidogo kuliko wa wale wengine. Vikao 15! Siye tumepewa dakika ishirini za kufokewa kwenye spika.

Kama igizo litarudiwa, ulevi ubaki, maana upo, na nesi abaki na ukali wake. Ila kijana apewe jina. Na akiulizwa mbona haji, aachwe ajibu.