Fundi Anayepiga Makofi Sebuleni

Sebule nyingi za Karatu hazikujengwa kwa ajili ya kusikiliza kitu. Ukuta wa matofali ya kuchoma umepigwa lipu ukalainika, sakafu ni vigae, dirisha ni pana ili mlima uonekane, na juu kuna bati ambalo mvua ya masika ikianza hakuna anayemsikia mwenzake. Mtu anayeshuka kwenye basi la kutoka Arusha na boksi la sabufa begani hana habari na mambo hayo. Amevutiwa na namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa boksi.

Fundi ninayetaka kumsifu haanzi na boksi. Kibanda chake kiko jirani na barabara kuu iendayo lango la Lodoare la Ngorongoro, na akiitwa nyumbani huingia, akaamkia, akasimama katikati ya sebule na kupiga kofi moja kubwa. Anasikiliza. Anasogea pembeni, anapiga jingine. Kofi likikatika palepale, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Likiacha nyuma kimlio chembamba kinachotetemeka kati ya kuta mbili, anamgeukia mwenye nyumba: “Mama, kabla ya spika tutafute zulia na mapazia mazito.” Wapo wanaonuna. Wamemwita fundi, naye anawapeleka kwa muuza vitambaa.

Lakini hesabu iko upande wake. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, na sebule ya kawaida ina mita 4 au 5. Wimbi hilo hugonga ukuta, hurudi, na kujilundika kwenye kona, ambako ndiko watu hupenda kuisukumia sabufa ili isizibe njia. Ndiyo sababu nyumba nyingine zinavuma hadi vikombe vinacheza kabatini, na bado maneno hayasikiki. Dawa yake ni ya ajabu kuitazama. Huiweka sabufa juu ya kochi, mahali ambapo baba mwenye nyumba atakaa, akafungulia wimbo wenye besi ya kwenda taratibu, kisha mwenyewe akatembea amechuchumaa chumba kizima, sikio karibu na sakafu. Pale anapoisikia besi imetulia, haivumi wala haipotei, ndipo sabufa itakapokaa. Watoto hucheka. Yeye hana haraka.

Nadhani subira hii ameipata kwa sababu ya historia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na picha za rangi tangu miaka ya 1970. Fundi wa rika lake alikulia kwenye redio, kazi ya sikio tupu, na hata vilipoenea ving'amuzi baada ya kuanza kuzimwa kwa mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, picha aliipokea kama mgeni aliyechelewa. Luninga anaichagua upesi: unakaa umbali gani, jua la jioni linaingia dirisha lipi, basi. Anachokataa ni kuitundika karibu na dari kama ilivyo kwenye baa. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyekaa.

Kwenye sauti ndiko anakokuwa mgumu. Boksi linasema wati 10,000 za PMPO; yeye analigeuza, anatafuta kibandiko cha nyuma chenye maandishi madogo, na kukusomea: hutumia wati 80. Kitu hakiwezi kutoa umeme mwingi kuliko kinaokula. Halafu analinyanyua kwa mkono mmoja kupima uzito, maana kwenye amplifaya ya kizamani transfoma nzuri ni nzito na haina namna ya kujificha. Waya wa spika anaukwangua kwa wembe. Wekundu ukibaki mpaka ndani, ni shaba. Ukitokea weupe, ni alumini iliyovikwa shaba, na anaurudisha dukani bila kugombana na mtu.

Waya zisizo na alama ana njia yake nyingine, nami ndiyo niipendayo zaidi. Anachukua betri ya tochi ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye ncha za waya, mara moja tu, tik. Karatasi ya spika ikiruka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya. Ikivutwa ndani, ni kinyume. Anautia alama kwa rangi ya kucha. Ukizikosea spika mbili, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inamezwa, na mtangazaji wa mpira hujui anaongelea upande gani wa chumba.

Jaribio la mwisho ni filamu iliyotafsiriwa, ya mtindo ule uliompa jina mtafsiri Lufufu. Wauzaji wa mjini hujaribu spika kwa muziki au milipuko. Yeye anasema nyumba hii itasikiliza nini? Anatafuta mahali ambapo risasi zinalia, muziki unapanda, na mtafsiri anaongea juu ya vyote viwili. Kila neno la mtafsiri likisikika kwa sauti ndogo, kazi imekwisha. Nimehudhuria maonyesho ya vyombo vya bei kubwa mno ambavyo vingeanguka mtihani huo.

Kazi ikimpandisha Ngorongoro kwenyewe, anabadilika. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta unafika kama 2,300. Vifaa vingi vina alama ndogo nyuma, pembetatu yenye mlima na maandishi 2000 m, na sijawahi kumwona mnunuzi akiisoma. Hewa ya kule juu ni nyepesi: inapoza vyombo kwa shida, na umeme huruka kwa urahisi zaidi kati ya sehemu zilizokaribiana. Kwa hiyo hutafuta kifaa chenye alama ya 5000 m, na amplifaya haifungii kabatini hata mwenye nyumba akitaka usafi wa macho. Projekta iliyosafiri kwenye ukungu na baridi huiacha mezani saa nzima ndani ya chumba chenye moto kabla ya kuiwasha, umande ukauke kwenye lenzi na saketi. Mimi, kama ningeulizwa, ningeomba chumba hicho kifunguliwe kwa filamu ya Bernhard Grzimek ya 1959 kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege wakiwa kwenye kazi hiyo, na kaburi lake liko hapo hapo ukingoni.

Malipo yake yana ngazi mbili. Ukimwita kabla ya kununua, bei ni ya kawaida. Ukimwita baada ya kununua, inapanda, na kofi linapigwa vilevile.