Thimlich Ohinga: ukuta uliosimama bila saruji

Ukitaja mji wa kale wa mawe, wengi hukumbuka Baalbek kule Lebanoni, ambako Warumi walimjengea Jupiter hekalu juu ya kitako chenye mawe matatu ya tani 800 hivi kila moja. Sisi wa Kenyamonta, Tanzania, tuna somo la uashi karibu zaidi: Thimlich Ohinga, nchini Kenya. Unapita Tarime, unavuka mpaka Sirari, unafika Migori, halafu unashika njia ya kaskazini magharibi kama kilomita 46.

Ohinga kwa Kijaluo ni boma la mawe. Mawe makubwa kama ya Baalbek hapa hayapo, wala nguzo. Kuna maboma makuu manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Inaaminika yalianza kujengwa karne ya 16, na UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3. Hakuna tone la udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe.

Ukitembea peke yako, anza Kochieng, lililo kubwa kuliko yote, na usiharakishe langoni. Mlango ni mfupi, unakulazimu uiname. Adui aliyeingia hivyo alitanguliza kichwa, mikono yake haina nafasi ya kurusha mkuki. Juu yako kuna linta za mawe marefu bapa yanayobeba ukuta wote ulio juu ya mlango.

Sasa simama kando ya ukuta uliobomoka kidogo, kwa sababu hapo ndipo siri inapoonekana. Warumi walichonga mawe ya mahekalu yao hadi yakakaa uso kwa uso. Waashi wa Thimlich hawakuchonga; waliokota jiwe na kulitafutia mahali linapokaa lenyewe. Walipandisha uso wa nje na uso wa ndani kwa pamoja, kisha katikati wakashindilia mawe madogo yanayoingiana na pande zote mbili. Ni tabaka hili la tatu, lisiloonekana, ndilo linalozishika nyuso mbili zisiachane. Naliona kuwa ufundi mkubwa kuliko kunyanyua jiwe la tani 800, maana hapa hakuna jiwe moja linalotegemewa kuokoa kazi.

Msingi haukuchimbwa. Ukuta unakaa juu ya ardhi, na mvua inapita katikati ya mawe badala ya kujaa nyuma yake na kuusukuma. Halafu fuata mzunguko wake kwa mkono: umepinda kila mahali, hauna pembe kali. Fundi yeyote anajua nyufa hupenda kuanzia pembeni.

Kaskazini mwa Kochieng, nje ya ukuta, walifanya kazi ya chuma. Pita hapo pia.

Adui wa leo ni mti. Mzizi ukipenya kati ya mawe unanenepa polepole na kuyatawanya. Lakini jiwe lililoanguka hulala pale pale chini ya ukuta, na jamii zilizopokezana kuishi humu hadi katikati ya karne ya 20 zililiokota na kulirudisha, bila kukoroga chochote.