Meza ya Ruta ya Kubebeka: Ubora Wake Uko Kwenye Tundu

Mlango wa kabati la jikoni ukitoka na ngazi kwenye kiungo, kipande cha wima kikiwa kimeinuka nusu milimita juu ya cha mlalo, seremala hulaumu kisu kwanza. Anakinoa, anakibadilisha, na ngazi inabaki ileile. Kama kazi imefanywa kwenye meza ya ruta ya kubebeka, mimi ningeanza kuitazama meza yenyewe, hasa pale penye tundu, kwa kuwa hapo ndipo hubonyea.

Meza hizi hutengenezwa ziwe nyepesi. Ubao wake hutobolewa katikati, kisha ruta, yaani mashine yenyewe, huning'inizwa palepale ulipodhoofishwa. Ubao ukizama hata nusu milimita, kipande cha wima chenye urefu wa sentimita 70 hupita juu ya mbonyeo bila kuugusa, na kisu hukikata karibu zaidi na uso wake wa chini. Kipande cha mlalo cha sentimita 25 huufuata mbonyeo, kikashuka, na kisu kikaingia juu zaidi. Kisu hakijasogezwa hata kidogo, lakini vipande viwili vya mlango mmoja vimekatwa kwa vimo viwili. Hakuna kunoa kutakakoondoa hitilafu hiyo.

Kwa hiyo ukienda dukani, beba rula ya chuma iliyonyooka. Isimamishe kwa ubavu juu ya tundu: kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban 0.1 mm. Kama karatasi tatu zikiwa pamoja zinapenya chini ya rula katikati, iache meza hiyo hata kama imepunguzwa bei. Mwinuko mdogo sana unavumilika, maana kipande kinagusa meza palepale penye kisu. Mbonyeo hauvumiliki.

Ukiamua kutengeneza yako, gundisha plaiwudi mbili za milimita 18, au tumia moja na kuifungia mbavu za mbao ngumu zilizosimama wima pande zote mbili za tundu. Formaika ibandikwe juu na chini. Fundi anayebandika juu tu, akiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ataona ubao ukinywa unyevu kwa upande mmoja na kupinda. Ukubwa wa sentimita 60 kwa 40 unatosha kazi nyingi za makabati, mradi meza ibanwe kwa klampu juu ya benchi zito.

Mashine ndogo ndiyo inayofaa meza ya namna hii, lakini angalia kama kasi yake inarekebishika. Makita 3709 huzunguka mara 30,000 kwa dakika, basi. RT0700C ya kampuni hiyohiyo inashuka hadi 10,000. Tofauti hii ni ya usalama. Kisu chenye kipenyo cha milimita 12 kwa mizunguko 30,000 kina kasi ya ukingoni ya mita 19 hivi kwa sekunde. Kisu cha milimita 38 kwa mizunguko hiyohiyo kinafika mita 60 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 200 kwa saa, huku kimeshikwa na shina jembamba. Kishushe hadi 16,000, na kata kidogokidogo kwa awamu. Kama kasi ya mashine yako haishuki, usiifungie visu vipana.

Visu viwe vya kabaidi. Mvule huficha vijiwe vya chokaa ndani yake, na kisu cha chuma cha kawaida hupoteza makali mapema. Shina la kisu liingize hadi mwisho wa koleti, yaani kishikio cha kisu kwenye mashine, kisha lirudishe milimita 2 au 3 kabla ya kukaza. Na usilazimishe shina la milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35: mkononi utahisi limekaza, kisha litachomoka likizunguka.

Ubao wa kuongozea hauhitaji reli za bei kubwa. Kisu ni cha duara, kwa hiyo hakijali ubao huo umekaa sambamba na ukingo wa meza au umeinama; kinachohesabika ni umbali kati yake na kisu. Funga ncha moja kwa bolti, iwe egemeo, na ncha ya pili uibane kwa klampu. Kisu kikiwa katikati ya ncha hizo, ukisogeza ncha huru milimita 1, umbali kwenye kisu hubadilika nusu milimita. Huu ni urahisi mkubwa: mkono wa kawaida unapata usahihi ambao macho peke yake hayawezi kuupima.

Ruta ikigeuzwa chini ya meza, kisu kikitazamwa kutoka juu huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Simama mbele ya ubao wa kuongozea na usukume mbao kutoka kulia kwenda kushoto, ili ikutane na makali. Kamwe usiipitishe kati ya kisu na ubao huo, maana kisu kitaidaka na kuirusha.

Kitu cha mwisho cha kununua, na ambacho singekubali kukikosa, ni swichi inayojizima yenyewe umeme unapokatika. Meza nyingi nyepesi hazina. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi huinama kusafisha vumbi au kurekebisha kimo cha kisu, akisahau kwamba swichi ya mashine bado imewashwa. Umeme ukirudi, kisu kinaanza kuzunguka vidole vikiwa hapo. Swichi hii husubiri ibonyezwe upya. Ifunge mbele ya meza, upande wa kushoto, mahali ambapo goti linaweza kuizima mikono yote miwili ikiwa bado imeshika mbao.