Uziada na Upatanisho wa Kisarufi: Kumsoma Shannon kwa Ukamilifu

Wako wanaodhani kwamba nadharia ya habari imekwisha kuuhukumu upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili. Hoja yao ni kwamba katika sentensi "Vikapu vyangu viwili vimepotea" kiambishi cha ngeli kimetajwa mara nne, ilhali mara moja ingalitosha. Kwa hiyo, wasema, msemaji wa bara atamkaye "kikapu yangu imepotea" amepunguza mzigo bila kupunguza ujumbe. Hoja inavutia, lakini imemsoma Claude Shannon nusu.

Ni kweli kwamba katika makala yake ya 1948 Shannon aliiweka kando maana, akapima kiasi cha shaka ambacho ujumbe humwondolea mpokeaji. Herufi inayotabirika haileti habari. Kwa kipimo hicho alikadiria kuwa yapata nusu ya maandishi ya Kiingereza ni uziada. Wapinzani wa upatanisho huishia hapo. Sehemu iliyobaki yahusu kelele, na huko uziada ndio kinga. Mnamo 1950 Richard Hamming alionyesha kwamba tarakimu 4 za ujumbe zikiongezewa 3 za ulinzi, kosa moja laweza kugunduliwa mahali lilipo na kusahihishwa. Mhandisi huongeza kwa makusudi kile ambacho lugha za Kibantu zinacho tangu hapo.

Tuipeleke hoja sokoni Butali, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, ambako matrekta ya miwa hunguruma. Mchuuzi asema: "Nimeleta gunia na kikapu. Limepasuka." Msikilizaji ajua ni gunia. Angesema "Imepasuka", asingejua. Iwapo vyombo hivyo viwili vilikuwa na nafasi sawa ya kupasuka, kiambishi li- kimebeba biti moja kamili: si uziada hata kidogo. Kilichokuwa marudio katika sentensi moja chageuka kuwa habari yenyewe katika sentensi ifuatayo, na hili halionekani kwa mhakiki anayechambua sentensi mojamoja.

Bila shaka mchuuzi aweza kunyosha kidole. Simuni kidole hakionekani. (Wala tusikisingizie Kikabras, nacho kina ngeli zake.)

Shannon mwenyewe alituachia njia ya kupima. Mwaka 1951 alimtaka msomaji abahatishe maandishi herufi baada ya herufi. Kiswahili chapaswa kupimwa vivyo hivyo, kwani maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, hivyo mwisho wa neno hubahatishwa kwa urahisi kuliko mwanzo, mahali kinapokaa kiambishi. Wanafunzi wa mawasiliano ya dijitali na wa isimu katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, wangeweza kuishirikiana kazi hii: wayarekodi mazungumzo ya Butali ya namna zote mbili, wayatie kelele, kisha wahesabu ni wasikilizaji wangapi wanaotambua kilichopasuka.